Kikohozi cha Bendi ya Taa Saba

Hakuwa na sauti ya kuimba. Hakuwa na vidole vya gitaa wala pumzi ya tarumbeta, na ngoma alikuwa akizibeba tu, ruhusa ya kuzipiga hakuwa nayo. Hakuwa na suruali ya bugaluu yake mwenyewe. Siku za onyesho alivaa ile iliyomkataa mpiga besi baada ya kunenepa, akaibana kiunoni kwa pini. Viatu vya raizoni, vyenye soli nene, hakuwa navyo. Nywele za kusimama kama uyoga hakuwa nazo, maana kipara kilimwahi angali kijana. Kwenye jalada la santuri kulikuwa na picha za watu watano na majina yao chini, na yeye hakuwa na picha wala jina. Baadaye alipooa, hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni kikohozi, na kikohozi hicho kilisikika nchi nzima.

Kazi yake katika Bendi ya Taa Saba ilikuwa kubeba vyombo. Bendi yenyewe ilikuwa na watu watano. Taa mbili zilizobaki zilikuwa za matumaini. Siku walipokwenda kurekodi, waliingia katika chumba chenye joto kilichobandikwa trei za mayai kuta zote, ili sauti isirukeruke, na mbeba vyombo akaambiwa akae pembeni asiguse kitu. Wimbo uliitwa "Sogea Karibu". Kuelekea mwisho, Kiongozi wa bendi alikuwa ameweka nafasi ya kimya: vyombo vyote vinanyamaza ghafla, wachezaji wanabaki mguu juu, halafu tarumbeta linalipuka na watu wanaruka. Ndani ya kimya hicho vumbi la trei za mayai likamwingia mbeba vyombo kooni. Koh, koh. Mara mbili, kavu, kama mtu anayebisha hodi.

Tarumbeta likalipuka, wimbo ukaisha, na wote watano wakageuka kumtazama.

"Wewe," Kiongozi alisema, "nilikuleta hapa ubebe au ukohoe?"

"Vumbi, Kiongozi."

"Toka nje."

Alitoka, akakaa juu ya boksi la spika kando ya barabara, akisubiri kufukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Haukupita muda wimbo ule ukawa kila mahali. Kwenye disko za Jumamosi mchana, ikifika ile nafasi ya kimya, ukumbi mzima ulisimama, ukakohoa mara mbili kwa pamoja, kisha ukaruka. Watoto walikohoa wakienda shule. Wanawake walikohoa wakipishana sokoni, wakacheka. Jina la "Sogea Karibu" likasahaulika. Watu waliuita Wimbo wa Kikohozi. Bendi ilipotoa santuri ya pili, wakatia kikohozi kwa makusudi. Haikununuliwa. Ya tatu wakatia chafya. Hiyo redioni ilipigwa mara moja tu, na mtangazaji akasema, "Afya njema," akaendelea na taarifa za hali ya hewa. Basi Taa Saba ikazimika, kila mtu akashika njia yake, na mbeba vyombo akabaki na jina la Koho.

Sasa Koho alikuwa mzee, mpiga pasi katika duka la dobi. Alianza shati kwenye kola, kama inavyotakiwa, akashuka mabegani, akamaliza na mikono, na mteja hakuwahi kurudisha shati lake. Bosi wake, kijana aliyezaliwa bendi imeshasahaulika, alimpenda kwa dhati, na alimpenda zaidi wateja wakiwapo.

"Mama, unamwona huyu mzee? Unaujua ule Wimbo wa Kikohozi?"

"Nani asiyeujua? Mama yangu alikuwa akiucheza anapika."

"Mwenye kikohozi ndiye huyu."

"Acha uongo wako."

"Babu, hebu mkoholee mteja."

Koho alisimamisha pasi, akajipangusa mikono, akakohoa. Alishakohoa hivyo harusini, kwenye foleni ya benki, mpaka msibani, alipoombwa na mfiwa mwenyewe. Lakini siku hizi kikohozi kilikuwa hakikubali kuishia mara mbili. Kilikwenda tatu, nne, kikashuka kifuani na kurudi juu, mpaka akaishika meza ya pasi asianguke.

Mteja alipiga makofi. "Kumbe mzee bado yumo."

"Tena leo amekutilia na nyongeza," bosi alisema.

Koho akatabasamu, akaifuta midomo kwa leso na kuirudisha mfukoni bila kuitazama. Mvuke, alijiambia. Mvuke wa pasi. Mkanda wake ulikuwa umefika tundu la mwisho, akatoboa jingine kwa msumari, akasema ni joto linamkosesha hamu ya chakula. Mtu aliyekohoa maisha yake yote kwa kuombwa ana shida hiyo: akikohoa bila kuombwa, hakuna anayeuliza.

Mkewe alilea watoto wa majirani. Wazazi waliokwenda kazini waliwaacha asubuhi katika sebule yake, kila mmoja na kibegi chake na kikombe chenye uzi wa rangi yake mpinini ili wasigombane. Wote walimwita Bibi, wazazi na watoto, na kazi hiyo ndiyo iliyoendesha nyumba. Mshahara wa pasi ulikuwa wa kuongezea. Watoto wakiamka usingizi wa mchana, Bibi alifungua gramafoni na kuwawekea Wimbo wa Kikohozi, wanyooshe viungo. Hata wale wasiojua bado kusema vizuri walijua pa kunyamaza na pa kukohoa.

Siku moja umeme ulikatika kwa dobi, Koho akarudi mapema. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, mtoto wa karani wa ofisi ya maji akampanda mapajani, kama kawaida yake. Wimbo ukafika kwenye kimya. Koh, koh, ikasema santuri. Koh, koh, wakasema watoto. Koho naye akakohoa, na tarumbeta likalia, na watu wakaruka, na yeye bado anakohoa.

"Babu amekosea," mtoto mmoja alisema.

Bibi akainua sindano. Akairudisha nyuma, akasikiliza ile nafasi peke yake, akaizima gramafoni.

"Kohoa tena."

"Mama, nimechoka."

"Sikuombi mchezo. Kohoa."

Alikohoa. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayepima nazi dukani kwa kuitikisa.

"Hiki si chako," alisema.

"Ni cha nani? Nimekiazima?"

"Mimi nilikijua kikohozi chako kabla sijakujua sura. Niliwasumbua wapiga santuri wa disko wakirudie mpaka wakanichoka. Chako kikavu. Kina mbili, na kinaliachia tarumbeta nafasi. Hiki kina maji ndani, na hakimwachii mtu nafasi ya kuvuta pumzi."

"Ni mvuke."

"Mvuke haukondeshi mtu. Tundu la mkanda ulilotoboa nimeliona. Hata kutoboa hukujua, umelipeleka upande." Akamchukua yule mtoto mapajani mwake. "Kesho huendi kwa dobi. Kesho tunakwenda kliniki."

Muuguzi wa kliniki alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza maswali hayo hayo tangu asubuhi.

"Mzee, unakohoa tangu lini?"

"Tangu enzi za disko."

Muuguzi aliacha kuandika. Bibi akamsogelea. "Usimsikilize. Andika miezi mitatu."

Walimpa kikopo cha makohozi, wakampiga picha ya kifua, wakamwambia arudi. Aliporudi, yule muuguzi hakumpokea kwa mzaha. Alimweleza kwamba ni kifua kikuu, kwamba kinatibika, kwamba atameza dawa kila siku kwa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kwamba angechelewa zaidi, pafu la kushoto lisingekuwa na la kusema.

"Nashukuru," Koho alisema. Alishukuru kweli. Alidhani ni kifo, akapewa vidonge.

"Nyumbani mnaishi na nani?"

Hapo mume na mke wakatazamana.

"Tunalea watoto wa majirani," Bibi alisema. "Wanashinda kwetu mchana kutwa."

"Basi wote waje wapimwe. Kikombe na sahani haviambukizi, bibi. Ni hewa, mkikaa pamoja. Wazazi nitawaambia mimi au utawaambia wewe?"

"Nipe leo, nitawaambia mwenyewe."

Walipofika kwenye kona ya mtaa wao, Koho alipunguza mwendo. "Sikiliza, Mama. Nitaomba kulala stoo kwa dobi mpaka dawa zinishike. Tutasema nimekwenda kwa ndugu. Ukiwaambia, kesho sebule ni tupu. Tutakula nini? Na wewe bila watoto wale utakaaje?"

"Na wao tuwafiche?"

"Huenda hawana kitu."

Bibi alisimama. "Watoto wale wanakohoa kila siku kwa mchezo. Nani aliyewafundisha? Ni sisi. Mmoja akiugua kweli, mama yake atajuaje? Wewe umekohoa miezi mitatu mbele ya watu, wakakupigia makofi. Mimi ninayekijua kikohozi chako nimechelewa. Hao wazazi watasikia nini?"

Koho akamchukulia mkoba, wakaenda.

Jioni ile Bibi alisimama mlangoni mwenyewe, akampa kila mzazi mtoto wake na habari yake. Hakupunguza neno. Koho alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, akisikia yote.

Baba mmoja, dereva wa lori, alivua kofia akasema pole, halafu akambeba mwanawe mbio mpaka kandambili moja ikabaki uani. Mama mwingine aliuliza kama na yeye Bibi anakohoa, akawa anauliza huku anarudi nyuma. Mmoja alisema atarudi kuchukua kibegi, na kibegi kile hakikuchukuliwa tena.

Karani wa ofisi ya maji alikuwa wa mwisho.

"Mwanangu anampanda huyo mzee kila siku," alisema. "Mapajani, mgongoni. Anakuja nyumbani ananihadithia Babu Koho, Babu Koho, mpaka nakosa pa kusemea."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanao. Mmegeuza kukohoa mchezo ndani ya nyumba hii. Sasa mcheze wenyewe."

Alichukua kibegi kwa ncha za vidole. Mtoto akalia akinyoosha mikono kuelekea kwenye pazia, maana alijua nani yuko nyuma yake.

Kesho yake mwenye nyumba alimwomba Koho awe anachota maji baada ya wapangaji wote. Alimwomba kwa adabu sana, na adabu ile ndiyo iliyouma. Koho alikwenda kwa dobi kuaga, akaikuta blanketi ya meza ya pasi imefuliwa na kuanikwa juani peke yake, mbali na nguo za wateja.

"Ilikuwa chafu, Babu," bosi alisema. Kisha akaona haya. "Hapana. Niliogopa. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuagiza ukohoe."

"Hukujua. Mimi mwenye kifua nilikuwa sijui."

"Pasi yako sitampa mtu."

"Mpe, wateja wanasubiri. Lakini mwambie aanze na kola."

Sebule ikawa safi kupita kiasi. Bibi alifagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu, akavipanga vikombe vyenye nyuzi, akavifunika kwa kitambaa. Santuri hakuigusa. Waliuza meza ya kulia, kwa kuwa watu wawili wanaweza kula wamepakata sahani. Koho, pamoja na yote aliyoelezwa na muuguzi, alijitengea kikombe cha bati akakiweka dirishani, na Bibi alipokunywa nacho makusudi mbele yake, alikinyakua.

"Nimeambiwa hakiambukizi," Bibi alisema.

"Na mimi nimeambiwa. Lakini niachie hiki kimoja cha kuogopa."

Dawa zilimsumbua mwanzoni, mkojo ukawa mwekundu, viungo vikamuuma, lakini hakuruka siku. Majuma ya mwanzo yakapita, kikohozi kikaanza kukonda, na yeye akaanza kunenepa. Muuguzi akasema sasa hamwambukizi mtu. Aliyeusikia ujumbe huo ni Bibi tu. Mtaani hakuna aliyeuliza.

Mchana mmoja hodi ikapigwa. Alikuwa karani wa ofisi ya maji, bado amevaa kitambulisho cha kazini, na mtoto amemshika mkono.

"Nimekuja kugomba," alisema, akiwa bado amesimama. "Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nimefika hapa yamenipotea."

"Kaa kwanza," Bibi alisema.

Alikaa. "Amekutwa nacho. Kidogo, wamesema kimeanza tu, ameshaanza dawa na anaendelea vizuri." Alimvuta mtoto karibu yake. "Alikuwa anakohoa nyumbani, Bibi. Nilikuwa nikimsikia na kucheka. Nilidhani anaimba wimbo wenu. Hata baba yake nilimwita aje amsikilize."

Koho alitoka chumbani, akapiga magoti mbele yao, mzee mzima, hakuangalia ukubwa wake. "Nimempa mimi. Nisamehe, mama."

"Umempa wewe, ndiyo. Siwezi kusema hukumpa." Karani alifuta macho kwa kitambulisho chake. "Lakini mngenyamaza, ningeendelea kucheka. Hilo ndilo lililonileta. Daktari akiniruhusu, nitamrudisha. Nani mwingine atakayenieleza kwamba kikohozi cha mwanangu si chake?"

Mtoto alikuwa ameshaachia mkono wa mama yake. Alisimama mbele ya Koho aliyepiga magoti, sasa wakiwa kimo kimoja, akamkagua.

"Babu, umejifunza?"

"Nini?"

"Kukohoa vizuri."

Mtoto huyo alirudi kwa Bibi, na baada yake wakarudi wengine, kila mzazi na aibu yake mkononi: huyu na sabuni, yule na ndoo ya maji aliyomchotea Bibi bila kuombwa. Dereva wa lori alikuja kuifuata ile kandambili, akamwacha na mtoto. Mwenye kibegi hakurudi, na Bibi hakumlaumu, kibegi alikitunza. Mwenye nyumba alianza kumwachia Koho bomba kwa adabu ile ile, sasa akimtanguliza mbele ya wapangaji wote, naye Koho akamwomba amweke katikati tu.

Siku alipomaliza dawa na kuambiwa amepona, Koho alirudi kwenye meza ya pasi. Katika wateja wa juma lile aliingia mzee mnene akileta suruali ya kupigwa pasi, iliyopanuliwa mshono wa nyuma. Alikuwa mpiga besi wa Taa Saba.

"Bado unanenepa," Koho alimwambia.

"Na wewe bado huna nywele."

Walicheka, wakaulizana habari, na Koho akamsimulia yote. Mpiga besi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kumbe wewe hukuambiwa," alisema. "Siku ile ulipotolewa nje, fundi wa mitambo alishashika wembe akikate kile kikohozi kwenye utepe wa kurekodia. Sote tukasema kata. Kiongozi akamshika mkono. Akasema, kijana huyu anabeba kila kitu chetu, na kwenye jalada hayumo, si picha wala jina. Kiacheni, na yeye awemo mahali."

Koho aliisimamisha pasi.

"Yu hai?"

"Yuko kwa binti yake, macho yamekwisha lakini masikio yapo. Barua anasomewa. Nina anwani."

Jumapili Koho alikaa sebuleni, karatasi juu ya mapaja maana meza haikuwa imerudi, akaandika taratibu, herufi za mtu aliyejifunza ukubwani. Bibi alisubiri mpaka kalamu ikasimama.

"Soma."

Alisoma: "Kwako Kiongozi. Ni mimi mbeba vyombo. Siku ile ulinitoa nje nikadhani nimekuharibia kazi, na miaka yote nimeona haya kukuandikia. Leo nimeambiwa habari ya wembe. Nilikuwa naumwa kifua, Kiongozi, na watu walidhani nachekesha. Mke wangu ndiye aliyejua, kwa sababu kikohozi changu cha uzima anacho kwenye santuri, akakilinganisha na cha ugonjwa. Kwa hicho nimepona mimi, na amepona mtoto mmoja wa jirani. Ungekikata, asingekuwa na cha kulinganisha. Asante kwa kuniweka mahali."

Bibi akaigonga karatasi kwa kidole. "Mwambie watoto wanacheza wimbo wake kila siku. Na mwambie tarumbeta bado linalipuka."

Aliongeza hayo, akaikunja karatasi, akaiingiza kwenye bahasha. Ile sehemu ya gundi akaisogeza mdomoni, halafu mkono ukasita. Akamnyooshea Bibi bahasha.

"Ilambe wewe."

"Nina ulimi wa akiba?" Bibi hakuipokea. Alikwenda dirishani, akakichukua kile kikombe cha bati, akakitia katikati ya vikombe vingine chini ya kitambaa. "Barua yako, Koho. Ilambe mwenyewe."

Aliilamba, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Bibi akaichukua kwa mkono mtupu, akaikandamiza juu ya goti lake mpaka ikashika. Kisha wakavaa viatu, wakaenda pamoja posta, na Koho akaitumbukiza sandukuni.